Miss Kenya Ilisafiri Kama Mzigo

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya bado inaruka. Ni ya mbao na kitambaa, mabawa yake yamepandana kama vitanda vya shule ya bweni, na ilitengenezwa 1924 na kampuni ya de Havilland. Lakini ukitaka kuiona, usisimame stage ya Satellite ukaangalia juu. Iko Old Warden, kijiji kimoja huko Bedfordshire, Uingereza, kwenye mkusanyiko wa ndege za zamani uitwao Shuttleworth. Siku ya maonyesho, upepo ukiwa mtulivu, hutolewa bandani, injini ikawashwa, na watu waliolipa kiingilio wakatulia kuitazama ikipita polepole juu ya nyasi. Jina lake ni Miss Kenya.

Huku ilikuja kwa meli. Mwenyewe alikuwa John Carberry, mlowezi wa Nyeri aliyezaliwa na cheo cha kibwanyenye cha Ireland kisha akakitupa. Shambani kwake Seremai alikuwa na uwanja wake wa ndege, vile mtu mwingine angekuwa na zizi. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza nchini Aprili 1926, ikapewa herufi G-KAA, za kwanza kabisa kwenye daftari la Kenya. Mwaka 1928 Carberry aliiuza kwa watu 3 walioungana, mmoja wao rubani aitwaye Tom Campbell Black, na hao ndio walioipa jina. Kwa hivyo hata chama cha kununua ndege si kitu kipya mjini hapa. Baadaye ikapita mikononi mwa wengine. Halafu 1965, uhuru ukiwa bado mbichi, ikaingizwa ndani ya tumbo la Beverley, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi la anga la Uingereza, ikapelekwa kwao.

Hapo ndipo huwa nakwama kila nikiisoma stori hii. Leo Miss Kenya ni nyota wa maonyesho, wanasema hakuna ndege nyingine ya de Havilland inayoruka iliyo kongwe kuiliko. Lakini safari ya kufika kwenye maonyesho hayo haikuruka. Ilibebwa, kama sofa linalohamishwa kutoka Kawangware kwenda Rongai.

Nimekuwa nikiifikiria sana mwaka huu kwa sababu niko ndani ya hesabu ya aina hiyo. Rafiki yangu mmoja, dada tuliyekua naye huku Satellite, alisomea urubani Wilson akapata leseni ya kibinafsi, ile ya kurusha ndege ndogo bila kulipwa. Yeye na wenzake 3 wana chama, na badala ya kununua ploti Kitengela kama watu wenye akili, chama chao kilinunua Cessna 172 iliyotengenezwa kabla yetu sote kuzaliwa. Sasa anataka kuipeleka Afrika Kusini, kwa Africa Aerospace and Defence, maonyesho makubwa ya ndege yanayofanyika Septemba kila baada ya miaka 2 kwenye kambi ya Waterkloof, karibu na Pretoria. Hajawahi kuivusha Tanzania. Mimi sijui kurusha hata tiara. Kazi yangu ni karatasi: ramani, vibali, barua, hesabu ya mafuta. Ni karani mwenye kiti cha mbele, basi.

Na ndiyo, najua Waterkloof ni soko la silaha pia. Siku za kwanza ni za watu wa suti na mikataba. Wananchi hufunguliwa mlango mwishoni, ndege zikaanza kubingirika hewani. Tumelijadili hilo mezani, tukakubaliana kwamba tunaenda kutazama juu, si kununua kitu. Sijui kama jibu hilo linatosha. Tuendelee.

Ukichora mstari kutoka Wilson hadi Pretoria unapata njia hii: Dodoma, Songwe karibu na Mbeya, Lilongwe, Harare, Polokwane, halafu Lanseria nje ya Johannesburg. Jumla ni karibu kilomita 3,000. Cessna 172 inaenda kama kilomita 200 kwa saa, upepo ukiwa na huruma. Kwa hivyo ni saa 15 hewani, ambazo kwa rubani mmoja mwenye busara ni siku 3, pengine 4. Waterkloof yenyewe ni kambi ya kijeshi, huwezi kutua pale kwa sababu tu umetoka mbali. Tutaiacha ndege Lanseria, tuchukue teksi. Kilomita 3,000 kwa ndege yetu, na mlangoni tufike kama watu waliotoka mtaa wa pili.

Nilipoanza kujaza fomu nilidhani sisi ni wa kwanza wa aina yetu. Kumbe njia hii ina miaka karibu 90 ya watu wenye ramani mapajani. Septemba 1936 Johannesburg ilifungua maonyesho makubwa ya milki ya Uingereza, na tajiri mmoja wa huko, I. W. Schlesinger, akatoa pauni 10,000 kwa mbio za ndege kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg. Kila rubani aliyekuwa na jina alitaka kuwa mle. Na Carberry wetu wa Nyeri alitaka pia. Alikuwa na ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, yenye herufi za Kenya ubavuni, VP-KCC.

Kabla ya mbio hizo, Carberry aliikopesha ndege kwa Beryl Markham. Huyo wengi mnamjua: mtoto wa mfuga farasi wa Njoro, aliyeletwa Kenya akiwa mdogo sana, akakua akiongea Kiswahili na kuwinda na vijana wa Kinandi, kisha akafundishwa kuruka na huyohuyo Tom Campbell Black. Aprili 1932, akiwa na uzoefu mfupi kuliko wa madereva wengi wa boda, alikuwa ameruka peke yake kutoka Nairobi hadi Uingereza kwa Avro Avian. Sasa alitaka kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni. Carberry alimpa VP-KCC kwa sharti moja: irudi kwa wakati ili iwahi mbio za Johannesburg.

Aliondoka Abingdon jioni ya 4 Septemba 1936. Baada ya saa 21 na dakika 25 injini ikazima kwa kukosa mafuta, ingawa tenki la mwisho halikuwa tupu. Inasemekana barafu iliziba tundu la hewa la tenki. Ndege ikashuka kwenye bwawa la matope huko Cape Breton, Canada, pua ndani ya tope. Yeye akatoka akiwa na jeraha kichwani. New York wakampokea kama malkia. Dunia inaikumbuka siku hiyo kwa Atlantiki, na ni haki. Mimi, karani, naikumbuka kwa kitu kingine: ndege ya Kenya iliyopaswa kwenda Johannesburg ilikuwa imekaa matopeni upande wa pili wa bahari, na mbio zilianza 29 Septemba bila hiyo.

Siku 10 kabla ya mbio kuanza, Tom Campbell Black alikuwa uwanja wa Speke, Liverpool, ndani ya ndege ndogo aliyokusudia kushindana nayo. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitembea chini baada ya kutua ikaigonga yake. Akafa. Huyu ni mtu aliyekuwa ameshinda mbio za Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934 pamoja na C. W. A. Scott, kwa muda wa chini ya saa 72, na kabla ya hapo, mwaka 1931, alikuwa amemtafuta na kumpata rubani Mjerumani Ernst Udet aliyekwama kwenye vinamasi vya Sudan. Alipita hewani mwote humo salama. Kifo kilimkuta chini, akiwa hata hajaruka.

Ndege 9 ndizo zilizoanza mbio za Johannesburg. Iliyofika ni 1. Scott, akiwa na Giles Guthrie, alitua Rand baada ya saa 52 na dakika 56, na ndege yao ilikuwa Vega Gull, dada wa ile iliyokuwa matopeni. Waliobaki waliharibikiwa au wakakata tamaa njiani. Moja ya ndege hizo, Airspeed Envoy ya Max Findlay, ilianguka ikijaribu kuruka kutoka Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Findlay alikufa pale pamoja na mtu wake wa redio.

Abercorn hiyo nimeiwekea alama nyekundu kwenye ramani yetu, ingawa hatutui pale. Mbala iko juu, karibu sawa na Nairobi. Uwanja wa Wilson wenyewe uko kama mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, na mahali palipo juu hewa ni nyepesi. Jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kupumua, propela inavuta kwa shida. Ndege ileile inayoruka Malindi kwa madaha, Nairobi saa nane mchana inakimbia na kukimbia na ua la uwanja linakuja. Ndiyo maana rafiki yangu ameapa kwamba kila siku ya safari tutaondoka alfajiri, na ndiyo maana amenipima kwenye mizani ya duka la nyama, mimi na begi langu, bila aibu yoyote.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba historia ya safari hizi imeandikwa upande mmoja. Tunasoma juu ya injini na dhoruba. Lakini ukikaa na fomu unagundua kwamba kuruka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nani anakuruhusu kupita. Kwa kila nchi tunahitaji kibali cha kuingia anga yake, tarehe, njia, herufi za ndege, leseni ya rubani, bima. Herufi zetu zinaanza na 5Y, za Kenya huru. Zile VP-K za ukoloni ziliondoka na bendera yao. Kila uwanja wa kuingilia nchi una forodha na uhamiaji wake. Afrika Kusini inataka kadi ya homa ya manjano kwa mtu yeyote anayetoka kwetu. Angalau viza si shida tena: tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka.

Markham naye alikuwa na vibali vyake. Katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, anaeleza kwamba mwanamke hakuruhusiwa kuruka peke yake kati ya Juba na Wadi Halfa bila idhini maalumu ya makao ya jeshi la anga la Uingereza kule Khartoum. Waliogopa ataanguka kwenye vinamasi au jangwani na wao ndio watakaohangaika kumtafuta. Rafiki yangu aliposikia hilo alicheka mpaka akamwaga chai. Halafu akanyamaza, akauliza, "Na sisi je? Miaka hiyo sisi tulihitaji kibali cha kwenda wapi?"

Ni swali zuri, na jibu lake halihitaji ndege. Mwaka 1936, mwanamume Mwafrika mkazi wa Dagoretti au Riruta alihitaji kibali cha kwenda mjini. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita vya kwanza. Kipande kilikuwa karatasi ndani ya kikebe cha bati, kikavaliwa shingoni kwa kamba. Ndani yake kulikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Ukikutwa bila hicho ulikuwa na kesi. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyokuwa: juu, watu wachache walijadiliana na Khartoum kuhusu anga, chini yao, babu zetu walipapasa shingo zao kila wakiona askari.

Na usidhani uwanja ulikuwa mbali na wao. Kabla ya Wilson kulikuwa na uwanja wa ndege wa Ngong Road, upande wetu huu. Ndipo alipokufa Maia Carberry, mke wa John, tarehe 12 Machi 1928, akimfundisha kijana mmoja kuruka. Mwaka uliofuata Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mtaji na ushupavu, alianzisha kampuni ya Wilson Airways na Campbell Black akiwa rubani wake, wakianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Kampuni ilikufa na vita vya pili, serikali ilipochukua ndege na watu. Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina la mama huyo mwaka 1962. Klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, ilianzishwa 1927 na iko palepale Wilson hadi leo.

Nani alifyeka nyasi za viwanja hivyo? Nani alipakua mapipa ya mafuta, akamwaga petroli ndani ya tenki kupitia kitambaa cha kuchujia, akazungusha propela kwa mkono alfajiri ya baridi huku rubani ameketi akisubiri? Jina moja tunalijua, kwa sababu Markham aliliandika: arap Ruta. Alikuwa rafiki yake wa utotoni huko Njoro, Mnandi kwa maelezo ya kitabu, akawa mtu wake wa farasi, na farasi walipobadilishwa na ndege akawa mtu wake wa ndege. Alijifunza injini vile alivyojifunza kwato. Kitabu kinampenda, hilo lazima niseme, na kuna kurasa anazoongea kwa hekima kuliko kila mzungu aliyemo. Lakini mapenzi ya kitabu si leseni. Daftari la marubani la Wilson Airways halikuwa na nafasi ya arap Ruta, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini.

Wengine hata jina hawana. Tafuta picha za zamani za Wilson: katikati yuko rubani, kofia ya ngozi, mkono mfukoni, na pembeni kuna mtu aliyeshika ncha ya bawa ili upepo usiichukue ndege. Maelezo chini ya picha hutaja rubani na aina ya ndege. Nimeacha kusoma maelezo. Siku hizi naangalia mikono iliyoshika bawa.

Kuna watu watasema hayo yamepita, na kwa sehemu ni kweli. Jeshi la anga la Kenya lilianzishwa 1 Juni 1964. Irene Koki Mutungi aliyeanzia Wilson aliajiriwa Kenya Airways 1995, mwanamke wa kwanza kuwa rubani pale, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Rafiki yangu alikuwa na picha yake kwenye ukuta wa chumba chao cha mabati, karibu na kalenda ya duka la dawa. Hiyo si habari ndogo.

Lakini hata baada ya uhuru njia hii yetu ya kusini haikuwa wazi. Watu wa rika langu husahau. Kuanzia 1945 shirika la ndege la Afrika Kusini lilikuwa likipita Nairobi likienda London. Eastleigh ilikuwa kituo chake. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zikaanza kulifungia anga kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ndege zake zikalazimika kuzunguka bara zima upande wa magharibi, juu ya bahari, saa nyingi za ziada. Uhusiano wa anga kati ya Nairobi na Johannesburg ukafa hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Mkenya aliyekuwa na ndege ndogo na hamu ya kuona maonyesho ya kule hangepata pa kupeleka fomu. Na safari hii kibali kilinyimwa na sisi, kwa sababu nzuri. Nilipokuwa nikijaza sehemu iliyoandikwa "madhumuni ya safari" nilikumbuka hilo. Niliandika "utalii". Ni neno dogo mno kwa kilichohitajika hadi mtu wa Satellite aliandike hapo.

Uzuri ni kwamba siku hizi si lazima uvuke mipaka ndiyo uone ndege zikicheza. Mei 2022 jeshi la anga lilifanya maonyesho Uhuru Gardens, palepale bendera ilipopandishwa 1963, hatua chache kutoka Wilson. Nilienda kwa miguu kutoka Lang'ata Road kwa sababu magari yalikuwa hayasongi. Watoto walikuwa mabegani mwa baba zao, mayai na smokie zikauzwa kama kuna fainali. Ndege ya kivita ilipopita chini, kelele yake ikaja baada yake, mama mmoja karibu nami akaitisha jina la Yesu halafu akacheka. Ndege za kibinafsi za Wilson zilipita pia, ndogo, taratibu, kama watu wanaojipitisha tu kwa jirani. Rafiki yangu alizitazama hizo kuliko zile za kivita. Nafikiri wazo la Waterkloof lilizaliwa siku hiyo, ingawa yeye anadai ni la zamani.

Tukirudi mezani: kinachotusumbua sasa si kibali wala hewa nyepesi ya Nairobi. Ni mafuta. Ndege kubwa na zile za propela zenye injini ya tabo hunywa mafuta ya taa ya ndege, na hayo yanapatikana karibu kila uwanja wa maana. Injini yetu ya pistoni inataka petroli maalumu ya ndege, avgasi. Wilson ipo, kwa sababu kuna shule za urubani. Ukiondoka Wilson inakuwa bidhaa adimu. Uwanja unaweza kuwa na njia ya kilomita 3, taa na mkahawa, lakini usiwe na lita hata moja ya avgasi. Tunahitaji kama lita 500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Tenki zetu zina uwezo wa saa 4 na kidogo. Kwa hivyo kila kituo lazima mtu aseme ndiyo, tunayo, au ndiyo, leteni pipa lenu mapema tuwawekee. Harare hadi Polokwane ndio mguu mrefu kuliko yote, karibu kilomita 680, na hapo rafiki yangu amekataa kabisa kuondoka bila tenki zilizojaa hadi mdomoni. Nimejifunza kutobishana.

Kampuni kubwa za 1936 zilifanya hivihivi. Imperial Airways, iliyofungua njia ya London hadi Cape Town mwaka 1932, ilipanga mapipa kwanza, abiria baadaye. Mtandao ule wa mapipa ndio uliowawezesha marubani wa mbio na wazururaji wenye pesa kupita bara hili kama waliokuwa wakienda pikiniki. Ukisoma vitabu vyao utadhani Afrika ilikuwa tupu na wao wakaivuka kwa ushujaa. Ilikuwa na pipa kila kilomita mia kadhaa, na mtu kando ya pipa akisubiri.

Hao wa kando ya pipa ndio ninaoandikiana nao siku hizi. Najua sauti za watu 3 ambao sijawahi kuwaona. Mmoja, bwana wa uwanja wa kusini mwa Tanzania, ananiita "mdogo wangu" na kila tukiongea huniuliza kwanza hali ya mvua Nairobi. Humwambia nilivyoona dirishani, naye huuliza, "Na wale wa hali ya hewa wanasemaje?" Makao ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, kwa hivyo najisikia nina wajibu. Mwingine, wa Malawi, alitaka kujua kama ndege ina choo. Nilimwambia ina viti 4 na chupa. Akasema atatuwekea foleni ya kwanza.

Nimeanzisha daftari. Upande wa kushoto naandika uwanja, masafa, mwinuko, aina ya mafuta. Upande wa kulia naandika jina la mtu aliyesema ndiyo, jina kamili, na cheo chake, hata kama cheo ni mlinzi wa geti. Rafiki yangu aliuliza hiyo safu ya kulia ni ya nini, kwa sababu fomu za serikali haziiombi. Nilimwambia aruke, mimi niandike. Hadi leo asubuhi ina majina 11. Uwanja mmoja bado haujajibu kuhusu avgasi, na Jumatatu saa mbili nitapiga tena.